Mnyama wa Langoni Aliyetazama Nyuma

Mkitaka kujua kama mchoraji anaijua kazi yake, msimtazame chui wake. Chui kila mtu anamchora. Hata yule anayeandika "Tunaziba pancha" pale sokoni Kasongo anajua kutia madoadoa. Tazameni kile kitu kidogo kilicho kwenye kona ya chini, kile ambacho mwenye kazi hakukieleza vizuri. Hapo ndipo utajua kama mtu anajua anachochora au anabahatisha tu.

Nawaambia nyinyi vijana mnaochapa picha kwa mashine juu ya turubai la plastiki, na nyinyi wachache ambao bado mnashika brashi. Mimi brashi nimeiweka chini. Mkono unatetemeka, na mstari ukiuanza sokoni unataka kwenda kuishia mtoni Lualaba. Lakini mdomo bado hautetemeki, na nina jambo la kuwasimulia kuhusu ngao ya askari, maana ndiyo kazi iliyonisumbua akili kuliko zote. Nimeandika majina ya maduka, mbao za shule za misheni, kalima juu ya mlango wa msikiti, maneno ya majivuno kwenye pikipiki za teksi. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa na siri. Ngao ilikuwa nayo.

Ngao ya kikosi si pambo. Ni maneno yaliyoandikwa bila herufi, kwa sababu zamani askari wengi hawakujua kusoma, na adui naye hakuwa na muda wa kusoma. Ile ya kambi yetu ilikuwa na kichwa cha chui, na chini yake mstari wa buluu unaopinda kama mawimbi, ndiyo Lualaba. Kulikuwa na mkuki na jembe vimepishana. Halafu, kwenye kona ya chini, kulikuwa na kile kitu. Kilikuwa cha mviringo, chenye vigamba vilivyopangwa, na kwa juu kilikuwa na majani. Wengine walisema ni nanasi. Wengine walisema ni kichala cha chikichi. Koplo mmoja aliniapia kuwa ni kobe, na nilipomwuliza majani ya kichwani ya nini, akasema kobe yule alikuwa amejificha. Tulicheka, lakini mimi sikulala vizuri. Kikosi kizima kinabeba nanasi begani kwa sababu gani?

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ramazani, Mwenyezi Mungu amrehemu, mtu wa mji mkongwe wa Kasongo, mwenye kofia safi na vidole vichafu. Yeye ndiye aliyeipaka ngao ile langoni kwa miaka mingi kabla yangu. Nilipomwuliza habari za nanasi, alinijibu kwamba mkubwa wa siku zile alipenda sana nanasi. Nikamwuliza kama mkubwa angependa nyama ya mbuzi, je, angechora mbuzi? Akanituma kwenda kuosha brashi.

Lakini msimcheke sana Mzee Ramazani. Alinipa sheria mbili ambazo hazijawahi kunidanganya. Ya kwanza ni ya rangi. Njano na nyeupe ni ndugu, msiwalaze kitanda kimoja. Mkitia njano juu ya nyeupe, ukisimama ng'ambo ya barabara huoni kitu. Njano ilale juu ya nyekundu, au buluu, au kijani, au nyeusi. Ukimaliza, rudi nyuma, funga macho nusu, utazame tena. Kama chui amepotea, futa uanze upya kabla rangi haijakauka. Na mkumbuke kwamba ukuta ukitazama jua la mchana, nyekundu ndiyo hufa kwanza.

Sheria ya pili aliipata kwa aibu. Aliwahi kupewa kazi ya kupaka ngao kwenye milango miwili ya lori la kambi. Akakata umbo la chui kwenye karatasi ngumu moja ya kupakia rangi, akaibandika mlango wa kushoto, chui akatoka vizuri, akitazama mbele lori linakokwenda. Akazunguka na karatasi ileile mpaka mlango wa kulia. Chui akatoka vizuri vilevile, ila sasa alikuwa anatazama nyuma, kwenye moshi. Askari walipoliona lori walisema chui ya Ramazani inakimbia vita. Dereva akakataa kabisa kutangulia msafara. Tangu siku ile Ramazani alikuwa anakata karatasi mbili, ya kushoto na ya kulia, na aliniimbia kila asubuhi kwamba mnyama wa ngao hatazami nyuma. Mkishona beji za mabegani ni hivyohivyo, bega la kulia na la kushoto kila moja lina beji yake. Na ngao ikiwa ukutani, kulia kwake ni kulia kwa mtu anayeibeba, siyo kwako wewe unayeitazama. Kwa hiyo chui wa ukutani hutazama mkono wako wa kushoto.

Basi miaka ikaenda, Ramazani akafa, nami nikawa ndiye fundi. Kila ngao ilipochakaa nilipaka nanasi juu ya nanasi, majani nikayafanya mazuri zaidi, ya kijani kibichi. Lilikuwa nanasi la kutamanisha, mtoto angeweza kulilia.

Siku moja kambi ikapata kamanda mpya. Alikuwa mtu wa mbali, amekulia kwenye Kilingala, na Kiswahili chake kilikuwa kama viatu vipya, vinamwuma lakini anatembea navyo. Alitaka lango livunjwe lijengwe pana zaidi, magari makubwa yapite. Ngao ihamishiwe ukuta mpya, na beji mpya zishonwe kabla ya gwaride, kwa sababu baada ya gwaride kikosi kilikuwa kinakwenda upande wa Kabambare, njia ya Salamabila kwenye machimbo. Nikafurahi, kazi ilikuwa kubwa. Lakini yule bwana alikuwa na tabia moja niliyoipenda mara moja, alikuwa mwulizaji. Alisimama mbele ya ukuta na kuuliza chui ni wa nini, mawimbi ni ya nini, kwa nini jembe liwe pamoja na mkuki. Nilimjibu yote. Akafika kwenye kona ya chini.

"Na hii?"

Nikamwambia wanasema ni nanasi.

"Fundi, mimi siwezi kuvaa ku bega kitu sijui maana yake," akasema. "Tafuta. Kama hatuipate, tunaitosha."

Kuitosha maana yake ni kuiondoa. Ofisa wake mmoja akapendekeza mahali pake tuweke bomu la mkono, kwamba hata sasa linafanana, ni kubadilisha majani tu yawe moto. Kamanda hakukubali wala hakukataa. Alisema anangoja.

Sasa niwajulishe Mama Feza. Pale kambini, nyumba zilikuwa kwenye safu moja upande wa kulia wa lango, na nyumba ya kwanza kabisa ilikuwa yake. Alikuwa mjane wa Sajini Kalume, mtu wa Lusangi, aliyekufa kazini huko porini zamani, kabla mimi sijafika langoni, na mwili wake haukurudi. Wajane wengine walikuwa wamekwisha kwenda kwa ndugu zao. Mama Feza alibaki, akiuza karanga na ndizi za kuchoma pale langoni, na maji ya kuoshea brashi zangu nilikuwa nachota kwake. Wiki ileile ya habari ya ngao, aliletewa neno kwamba gwaride lisimkute ndani ya nyumba ile. Kuna koplo anakuja na mke na watoto, nyumba ni ya askari, na askari wake hayupo tena.

Nilimkuta amekaa mlangoni anamenya karanga ambazo hazikuhitaji kumenywa. Nikamwuliza atakwenda wapi. Akaniambia Lusangi shamba la mume wake limegeuka mashimo, wachimba dhahabu wamelipindua lote, hata kaburi la mama mkwe hajui liko wapi. Hakulia. Aliniuliza tu kama ninajua mtu mwenye mkokoteni. Roho iliniuma, lakini nilikuwa fundi wa rangi, ningefanya nini? Nikarudi kwenye ukuta wangu.

Sikilizeni sasa, hii ni ya kazi. Ukitaka kujua picha ilianza vipi, usiulize watu, uulize ukuta. Watu wananakili, na anayenakili anatia cha kwake. Unachukua wembe, kitambaa, na mafuta ya taa kidogo. Unalainisha sehemu ndogo tu, ukubwa wa kiganja, unangoja, halafu unakwangua kwa upole, tabaka moja moja, kama mtu anayemvua mtoto mchanga nguo bila kumwamsha. Haraka haraka haina baraka, ukikandamiza wembe unatoboa tabaka zote mpaka chokaa na habari imekwisha.

Kamanda alikuja akachuchumaa kando yangu. Nadhani alikuwa na kazi nyingine za kufanya, lakini hakuondoka. Mananasi yangu yalitoka kwanza, moja baada ya jingine, kisha mananasi ya Ramazani, yaliyokuwa na majani machache zaidi. Halafu majani yakabadilika rangi, yakawa mekundu na ya njano. Ulikuwa moto. Kamanda akasema, basi ofisa yule alikuwa na haki, ni bomu. Nami nikaona jinsi ilivyokuwa. Kuna mtu wa zamani aliyepaka bomu lenye moto, jua likaula ule wekundu, na Ramazani alipokuja akakuta ndimi zilizopauka, akadhani ni majani. Nikacheka peke yangu. Mzee wa watu alikuwa amelivisha bomu majani, tukalibeba miaka yote hiyo kama tunda.

Ningeweza kuishia hapo. Ila chini ya moto wembe ulikuwa bado unateleza, haujagonga chokaa. Nikamwambia kamanda bado kuna kitu. Akasema endelea. Nikaendelea, na moto ukatoka wote, na chini yake hapakuwa na majani wala moto. Palikuwa na duara la rangi ya udongo, vigamba vilivyolaliana, mkia umezunguka, na kwa pembeni pua ndogo imechungulia, na jicho moja jeusi dogo kama mbegu ya papai.

Tulitazamana. Yeye hakumtambua mnyama huyo, na mimi ni mtoto wa mjini, porini nilikuwa nakwenda kwa kulazimishwa. Na kulikuwa na jambo la pili lililonishangaza zaidi. Chui alikuwa anatazama kushoto, barabarani, kama sheria inavyosema. Huyu mdogo alikuwa anatazama kulia. Nikasema kwa sauti kwamba aliyemchora huyu hakuijua kazi, maana mnyama wa ngao hatazami nyuma.

"Aliijua."

Alikuwa Mama Feza, nyuma yetu, na beseni la ndizi kichwani. Sijui alikuwa amesimama pale tangu saa ngapi. Alilitua beseni chini polepole, akasogea, akagusa lile jicho dogo kwa ncha ya kidole.

"Huyu ni kakakuona. Bwana yangu njo alimuchora. Nilizani walimufuta."

Kamanda akasimama, akamwuliza kwa heshima kwa nini mumewe alimgeuza. Mama Feza akaeleza, na mimi nawapa kama alivyoeleza. Kwao, upande wa msitu, wazee wanasema kakakuona ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba. Watu walikuwa wanalowa. Wakamwona mnyama huyu kwenye mvua, magamba yake yamelaliana, maji yanateremka hayaingii, wakakata majani wakayapanga vilevile. Ndiyo maana kwao hauawi ovyo, ni mwalimu. Sasa kikosi kilipofika mara ya kwanza hapakuwa na mabati, askari na wake zao walilala wakinyeshewa, na wanakijiji ndio waliokuja kuwaonyesha kuezeka. Kalume alikuwa na mkono wa kuchora, akaambiwa achore ngao. Akaomba ruhusa amtie yule mwalimu kwenye kona.

"Alisema chui iko wa mbele, kwa adui," Mama Feza akamalizia. "Huyu iko wa nyuma. Anatazama wale wanabakia ku nyumba."

Akajitwika beseni lake akaenda zake. Kamanda alitazama chui, akatazama kule kulia alikotazama yule mdogo, ambako safu ya nyumba ilianzia, na ya kwanza ndiyo ileile iliyokuwa imeandikiwa koplo. Akapiga kofia yake kwenye paja mara moja, akaingia ofisini.

Sikujua atafanya nini, na ukweli ni kwamba nilimwogopea Mama Feza kuliko zamani. Mtu akionyesha jambo la haki mbele ya mkubwa, mkubwa anaweza kufurahi au anaweza kukasirika, na huwezi kujua mpaka kesho. Jibu pekee nililopata lilikuja kwa mdomo wa mlinzi, kwamba fundi ampake kakakuona kwenye ukuta mpya. Kuhusu nyumba hakuna aliyesema lolote. Nikampaka, basi.

Au niseme nilijaribu kumpaka. Nilianza na magamba ya juu, nikawa nateremka. Mama Feza, ambaye wakati huo alikuwa anafunga sufuria zake kwenye kikwembe, yaani kitenge, alikuja akasimama, akatikisa kichwa, akaniita kwa jina la mwanangu.

"Baba Shabani, ukipanga vile nyumba itavuja."

Akaniambia mwezekaji huanzia chini, ukingoni, akipanda kuelekea juu, ili kila safu ya juu ilalie ya chini yake, maji yapite juu yake. Nikatazama kazi yangu. Kweli, mvua ingeingia yote kwenye mgongo wa yule mnyama. Nikafuta, nikaanza chini. Na nyinyi mkichora magamba, au manyoya ya ndege, au vigae, anzieni chini mpande. Sikuisoma mahali. Nilifundishwa na mwanamke aliyekuwa anafungasha vitu ili atolewe nyumbani kwake, na aliifundisha kwa uangalifu kana kwamba paa lile lilikuwa la kwake.

Asubuhi ya gwaride ngao ilikuwa tayari. Mama Feza alikuwa ametoa vitu vyake vyote nje, godoro, sufuria, kiti kimoja, kinu. Mwenye mkokoteni alikuwa bado hajafika. Alikaa juu ya godoro lililokunjwa, akiwa amevaa kikwembe chake kizuri, na aliniambia anangoja askari wapite mbele ya mnyama wa Kalume, akiona hivyo ataondoka. Nikajifanya ninasafisha brashi iliyokuwa safi.

Kamanda akatoka na maofisa wake kukagua lango. Alisimama mbele ya ngao muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Kisha akaniuliza, kama vile hajui, yule wa chini anatazama wapi.

"Anatazama nyumba, mukubwa," nikasema.

Akageuka akatazama alikotazama mnyama, akamwona mama, godoro na kinu. Maofisa nao wakageuka. Yule aliyetaka bomu alianza kueleza kwamba koplo anafika leo na watoto, na kamanda akamkatiza, akasema koplo atalala kwenye chumba cha ngoma na tarumbeta mpaka ajengewe, na ngoma zitalala ofisini kwake. Halafu akasema, kwa Kiswahili chake kile kinachochechemea, neno ambalo sijalisahau.

"Hatuwezi kumupaka ku ukuta na kumufukuza ku mulango. Murudishe vitu vya mama."

Askari wawili waliovaa tayari kwa gwaride, na beji mpya mabegani, walichukua godoro. Mwingine akabeba kinu kifuani kama mtoto. Mama Feza hakusimama mara moja. Alibaki amekaa chini, mahali godoro lilipokuwa, amefunika mdomo kwa kikwembe, na mabega yake yanatikisika. Nami nililia, kwa nini nifiche. Nilisema ni mafuta ya taa.

Kikosi kilipita, kikaenda njia ya Kabambare. Koplo alikaa na ngoma miezi michache, watoto wake wakajifunza kupiga, wakatukera wote, kisha nyumba yao ikasimama.

Wasiojua huniuliza mpaka leo kama sikukosea kumgeuza yule mnyama. Mimi huwaambia kuuliza si ujinga, waendelee kuuliza. Kamanda yule alihamishwa, kama wanavyohamishwa wote. Mwaka uliopita nilipita pale kwa pikipiki ya mjukuu wangu, nikamwambia asimame nione rangi inavyostahimili. Nyekundu imeanza kufa, nilijua. Pale langoni alikuwa amesimama kamanda mwingine, mgeni kabisa, anamwuliza mlinzi kwa nini kile kijinyama kimegeuzwa vibaya, na kama haifai aitwe fundi akinyooshe. Mlinzi alikuwa kijana mdogo, hata mimi hanijui, wala Kalume hakumwona. Hakufikiri sana. Alinyoosha kidole kwenye nyumba ya kwanza, iliyokuwa inatoa moshi wa jikoni.

"Anamutazama mama, mukubwa."